Uso Usiotabasamu



Wiki tatu zilizopita ilinifikia barua ya mama mmoja wa Kisauni, iliyoandikwa kwa wino wa buluu katika karatasi mbili za daftari la shule. Nimemwomba idhini niizungumze hapa, naye ameridhia kwa sharti la kutotajwa jina. Ameishi na mumewe miaka arubaini na mmoja. Asema kwamba tangu mwaka jana bwana huyu amemnunia. Akiandaliwa chakula hasemi neno. Wajukuu wakimchekesha hacheki. Jirani akimsalimu humjibu kwa sauti ya chini hata jirani hudhani hakujibiwa. Mama wa watu amejikagua nafsi yake, ameomba radhi kwa makosa asiyoyajua, amewauliza watoto kama kuna jambo walilomfanyia baba yao. Shemeji zake wameanza kunong'ona kwamba mzee amefanyiwa, na wapo wanaotaka apelekwe kwa mganga. Mwishoni mwa barua, kana kwamba ni jambo dogo lisilohusiana na hayo, ameongeza mstari mmoja: siku hizi mzee akitembea mkono wake wa kulia hauendi na mwili, umening'inia tu, na hati yake, ambayo zamani alisifiwa kwayo kazini, imekuwa ndogo kama chembe za ufuta.

Nilipofika kwenye mstari huo niliiweka barua chini. Mimi si daktari, na wasomaji wa safu hii wanajua kwamba sipendi kujitia katika kazi za watu. Lakini uso huo anaousimulia mama nimekaa nao nyumba moja kwa miaka tisa. Ni uso wa Ami yangu.

Ami alizaliwa Lamu na maisha yake yote alishona kofia za vito, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Kofia moja ya kazi safi humchukua mshonaji miezi, sindano ikipita pale pale mara elfu kadhaa, na mteja mjuzi huitambua mishono ya fundi wake kama atambuavyo sauti yake. Mkono wa Ami ulikuwa mkono wa kuaminiwa. Kilichotangulia kumwacha, hata hivyo, hakikuwa mkono; ilikuwa pua. Mkewe alifukiza udi jioni za Ijumaa, naye akawa hasemi lolote. Akimpelekea asmini huipokea na kuiweka kando. Siku moja alirudi dukani kwa hasira kumrudishia muuza viungo karafuu zake, akidai ni za zamani zisizo harufu. Muuza viungo alizinusa, akamtazama, akamrudishia pesa zake bila ubishi. Sote tulicheka. Hatukujua kwamba kupoteza harufu, kufunga choo kwa siku nyingi, na kupiga mateke usingizini huweza kumtangulia ugonjwa huu kwa miaka kadhaa, kama vijumbe.

Kisha mishono ikaanza kusongamana. Kofia iliyokuwa ikimaliziwa kwa miezi mitatu ikachukua sita. Bega likauma, akakandwa kwa mafuta ya karafuu. Hatua zikawa fupi. Na baada ya karibu miaka miwili ya hayo ndipo tulipoona lile ambalo kila mtu hulijua: akiwa amekaa barazani ametulia, mkono wa kulia juu ya paja, kidole gumba na cha shahada vinasuguana pole pole kama avutaye tasbihi, na tasbihi haimo mkononi.

Ugonjwa huu huitwa Parkinson. Jina ni la daktari wa London, James Parkinson, aliyechapisha mwaka 1817 kijitabu kuhusu watu sita waliokuwa wakitetemeka, baadhi yao akiwa amewaona njiani tu. Lakini karibu miaka mia nane kabla yake Ibn Sina, katika al-Qanun, alikwisha kuandika juu ya raasha, yaani mtetemeko wa viungo. Si ugonjwa mpya, wala si wa wazungu, wala haukuletwa na jicho la mtu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 ulimwenguni walikuwa wakiishi nao.

Ndani kabisa ya ubongo mna kijisehemu cheusi ambacho seli zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Hicho ndicho kinachoulainisha mwendo wetu, kama mafuta yanavyoilainisha cherehani. Seli hizo zikifa pole pole, mwili hauishiwi na nguvu bali huishiwa na wepesi: mtu ana uwezo wa kusimama lakini amri ya kusimama haifiki, au hufika imechelewa. Mpaka dalili zionekane, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha kupotea. Ndiyo maana huu si kiharusi. Kiharusi huja kwa ghafula, pengine baina ya kula na kunawa. Huu huja kama maji yapwavyo, huoni yakiondoka, waona tu mchanga umekuwa mpana.

Niseme neno kwa wale ambao wameanza kuitazama mikono yao wenyewe. Si kila mtetemeko ni Parkinson. Yupo mtu ambaye mkono wake hutulia ukiwa pajani, na hutetemeka anaponyanyua kikombe cha kahawa. Huo kwa kawaida ni mtetemeko wa aina nyingine, mara nyingi wa ukoo. Wa Parkinson hupenda kutokea mkono ukiwa umepumzika, na huanzia upande mmoja. Tena wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, wanaokakamaa na kuzidi uzito tu. Hao ndio hucheleweshwa zaidi, kwa sababu watu husema ni uzee. Hakuna kipimo kimoja cha damu cha kuuthibitisha; daktari hutazama mwendo, hukunja mkono, huuliza habari za miaka. Kwa hivyo anayempeleka mzee wake kliniki na aende na daftari, si na wasiwasi mtupu.

Nirudi kwenye uso, maana ndilo swali la mama wa Kisauni. Misuli ya uso nayo hukakamaa. Kope hupungua kupepesa, midomo haipandi, na mtu huonekana amenuna au amezubaa hali moyo wake uko vile vile. Furaha ipo, njia yake ya kutokea usoni ndiyo iliyoziba. Mjukuu wa Ami alipohitimu chuoni tulifanya khitma ya nyumbani, mtoto akasoma, watu wakalia kwa furaha, naye Ami akakaa kama jiwe la mlangoni. Mkewe aliumia kwa jambo hilo, na usiku akamwambia, "Bwana, hata leo?" Alichukua muda mrefu kujibu, mrefu kiasi kwamba mkewe alikwisha kugeuka kwenda zake. Kisha akasema, "Nilifurahi hata kifua kikaniuma. Kwani hukuona?" Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hatuusomi uso wake. Tunamuuliza, halafu tunanyamaza hadi ajibu. Kunyamaza huko ndiko kugumu: tumezoea kujazia maneno mtu anapochelewa, na ukimjazia mara mbili tatu huacha kusema kabisa.

Hata hivyo nisimfiche mama upande wa pili. Huzuni ya kweli nayo huwapata wengi wenye ugonjwa huu, na si kwa sababu ya kuwaza ugonjwa tu; ni katika mabadiliko yale yale ya ubongo. Nayo hutibiwa. Basi usichukulie kwamba kila ukimya ni misuli. Uliza.

Sasa dawa. Hakuna ya kuuponya ugonjwa, na anayekuuzia ya kuuponya anakula pesa zako. Lakini iliyo bora ya kuutuliza imekuwepo tangu miaka ya 1960, nayo ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Siku hizi hutolewa pamoja na kitu cha pili kinachoizuia isipotee njiani kabla haijafika kichwani. Ami alipoanza kuinywa, katika wiki ya pili alifunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe, akatuita tuje tutazame. Kisha sisi wenyewe tukaiharibu, na kosa hilo nalisimulia kwa makusudi, kwani naamini haliko kwetu peke yetu.

Daktari alisema mara nne kwa siku, kwa masafa yaliyo sawa. Tukaona la wepesi ni kufuata adhana: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Maghribi. Nani atasahau? Hatukusahau hata siku moja, na hali ya mzee ikazidi kuharibika. Kila ifikapo saa tatu asubuhi alikuwa ameganda kitini, hawezi hata kujigeuza. Na ifikapo Isha viungo vikacheza vyenyewe, shingo ikipinda na miguu ikinyonganyonga, mpaka watoto wakaogopa. Tulisema dawa haimfai. Muuguzi mmoja mwenye busara ndiye aliyetuchorea saa kwenye karatasi. Hapa Mombasa, baina ya Alfajiri na Adhuhuri mna zaidi ya saa saba, na baina ya Alasiri na Maghribi hazitimii saa tatu. Dawa yenyewe hufanya kazi saa chache tu. Tulikuwa tukimwacha mtupu asubuhi yote, na jioni tukimrundikia. Tukahamisha: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, na saa kumi na mbili jioni. Simu ya mkewe ikategwa kengele. Tembe zilikuwa zile zile, mzee akawa mwingine.

Kosa la pili lilikuwa sufuriani. Tembe ya mchana tulimpa pamoja na wali na samaki, tukidhani tunamlinda tumbo. Chakula chenye protini nyingi, kama nyama, samaki, mayai, maziwa, hata mbaazi zetu za nazi, hushindana na levodopa kwenye mlango ule ule wa kuingilia damuni, na mara nyingi dawa ndiyo ishindwayo. Hii haina maana mzee anyimwe samaki. Akikonda atadhoofika zaidi. Maana yake ni kwamba tembe inywewe kwa maji, yapata nusu saa kabla ya kula, au saa nzima na zaidi baada yake. Anayeona kichefuchefu na ale kipande cha mkate mkavu au ndizi pamoja nayo. Tembe za madini ya chuma, ambazo wazee wengi hupewa kwa upungufu wa damu, nazo ziwekwe mbali na hizi.

Kwa kuwa tumegusia kula, choo kisipuuzwe. Ni aibu kukitaja, lakini tumbo lililofunga huichelewesha dawa isifike, na mzee huumia kimya kimya. Papai, ukwaju, mboga za majani, maji ya kutosha, na ikishindikana, dawa ya kulainisha kwa ushauri wa daktari.

Ramadhani ya kwanza baada ya dawa ndiyo iliyotutia katika mtihani. Ami hakutaka kusikia habari ya kula mchana. Usiku wa mwandamo tulikubaliana, au tulidhani tumekubaliana, na asubuhi akapokea tembe na kuisukuma chini ya mto. Ilipofika Adhuhuri alikuwa mgumu kama ubao, jasho likimtiririka, hawezi kumeza mate yake. Binti yake aliikuta tembe alipokuwa akitandika shuka. Wasomaji wajue hili: kuikata dawa hii kwa ghafula ni hatari ya kweli, huweza kuleta homa kali na kukakamaa kunakompeleka mtu hospitalini, na wengine hawarudi.

Imamu wa mtaa alikuja mwenyewe baada ya Alasiri. Hakumhubiria. Alikaa naye, akamkumbusha kwamba Suratul Baqara, katika aya zile zile za saumu, imemtaja mgonjwa na imetaja fidya ya kumlisha maskini. Ami alilia. Machozi hayakuhitaji misuli ya uso. Alisema amefunga miaka hamsini na sita bila kula siku, sasa atamwambia nini Mola wake. Imamu akamjibu kwamba atamwambia alitii amri nyingine. Tangu hapo Ami huipima fidya yake mwenyewe, kibaba kwa kibaba, kwa mkono unaotetemeka, mchele mwingine ukimwagika sinia nzima, na hakubali kusaidiwa.

Wapo wagonjwa walio katika hatua za mwanzo, wenye dozi chache, ambao daktari huweza kuwapangia na wakafunga. Lakini mazungumzo hayo yafanyike mwezi wa Rajabu au Shaabani, daktari akiwepo na mwanachuoni akiwepo, si usiku wa daku.

Katika sala nako tulijifunza. Anayeinuka kutoka sijda huweza kupata kizunguzungu kwa sababu shinikizo la damu hushuka ghafula, na wengi huangukia hapo. Imran bin Husayn alipougua, Mtume (SAW) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza aketi, asipoweza alale ubavu. Kiti msikitini si unyonge. Nasema hivi kwa sababu nimewaona vijana wakiwatazama wazee wenye viti kana kwamba wameleta samani zao.

Kutembea kuna maajabu yake. Ami huweza kwenda uani vizuri, akafika mlangoni akasimama kama aliyegundishwa kwa gundi. Miguu haitoki. Ukimvuta mkono, utamwangusha. Ukimwambia "Haya, twende, twende!" ataganda zaidi. Dawa yake ni kumpa mguu kazi ya kuiona au ya kuisikia: weka kijiti au mguu wako mbele yake, mwambie auvuke, naye atavuka kama kijana. Tulibandika utepe mweupe sakafuni, mstari kwa mstari, katika kila kizingiti. Mgeni mmoja aliuliza kama tunapima nyumba tuiuze. Mdundo nao hufaa. Ami hujiimbia kasida za maulidi za kwao chini ya pumzi na hatua hufuata. Njia hizi zinajulikana na wataalamu wa mazoezi ya viungo, si uzushi wetu. Ubongo una njia zaidi ya moja ya kuuamuru mguu, na moja ikiziba hupitiwa nyingine.

Kwa nyumba zetu za Mji wa Kale, zenye ngazi za kusimama wima na vyumba vya giza, hamisheni kitanda cha mzee chini mapema, kabla hajaanguka na kuvunja nyonga. Ondoeni mazulia madogo yanayoteleza. Taa ya chooni iwake usiku kucha. Kandambili zisizoshika mguu zitupwe. Mpeni viatu vya kisigino kilichofungwa.

Sauti hufifia, na mwenyewe huapa kwamba anasema kwa nguvu. Mazoezi ya kusema kwa sauti kubwa husaidia, na hapa tumebahatika: mzee anayesoma Qur'ani kwa sauti kila siku, akivuta pumzi na kuzikamilisha madda zake, anafanya zoezi zuri bila kuliita zoezi. Kukooa wakati wa kula au kunywa ni ishara ya kumeza kuliko na taabu. Akae wima, kidevu akiinamishe kidogo, ale kidogo kidogo, asisemeshwe mdomo ukiwa na chakula. Chakula au mate yakiingia mapafuni huleta nimonia, nayo ndiyo huwamaliza wengi katika hatua za mwisho.

Usiku una mambo yake, na hapa ndipo fitina ya majini huingia. Mgonjwa huweza kupiga kelele, kutukana, kurusha ngumi akiwa usingizini, kwa sababu ile breki ya asili inayoushikilia mwili wakati wa ndoto haifanyi kazi. Huota anapigana, na mkono hupigana kweli. Mkewe Ami alipigwa jicho. Miaka ikisonga, huweza pia kuona watu wasiokuwepo: watoto waliokaa pembeni, paka mlangoni. Pengine ni ugonjwa, pengine ni dozi ya dawa imezidi, pengine ni maradhi ya mkojo yaliyojificha. Sikatazi dua, nyumbani kwetu husomwa kila usiku. Ninachokataa ni mzee kufungwa, kufukizwa na kunyimwa tembe zake eti zimemkasirisha jini.

Tena kuna hatari isiyojulikana hata na baadhi ya wanaotibu. Zipo dawa zinazoziba kazi ya dopamini, na mgonjwa wa Parkinson akipewa hukakamaa vibaya. Mbili zilizo maarufu ni haloperidoli, ipewayo watu waliovurugika akili, na metoklopramidi, ya kuzuia kutapika. Ami alidungwa hiyo ya pili katika kliniki moja aliyokwenda kwa maradhi ya tumbo, na kwa siku mbili hakuweza kusimama. Aliyemdunga hakuwa na nia mbaya. Hakuambiwa, nasi hatukujua la kumwambia. Sasa Ami ana kadi mfukoni mwa kanzu yenye jina la ugonjwa, saa za dawa, na majina ya hizo mbili chini ya maneno "asipewe". Dawa za aina hiyo, zikitumiwa muda mrefu, huweza hata kumletea dalili hizi mtu asiye na Parkinson, kwa hivyo mama wa Kisauni akusanye tembe zote anazokunywa mumewe, za presha na za kila kitu, azitie katika mfuko mmoja na kumwonyesha daktari.

Nimeulizwa mara nyingi kuhusu upupu. Ndiyo, ni ule ule tuliotiliana kolani tukiwa shule. Mbegu zake zina levodopa ya kweli. Wanasayansi wa India waliitoa humo mwaka 1937, na matabibu wa jadi wa huko walikuwa wakiwapa wenye kutetemeka tangu zamani. Kwa hiyo wazee waliosema dawa imo porini hawakukosea. Taabu ni kipimo: mbegu na mbegu hazilingani, na anayeongeza unga wa upupu juu ya tembe zake amezidisha dozi asiyoijua. Ukiwa umeutumia, mwambie daktari. Usione haya.

Tembe zenyewe hazipatikani katika kila duka la dawa, na kwa anayezinunua mfukoni mwake, bei ni mzigo. Nunueni kabla hazijakwisha, wiki mbili za akiba zikiwezekana. Watoto walioko Maskati na Jedda wanaouliza "tuletee nini mzee?" waambiwe dawa, na baada ya dawa, waambiwe tikiti ya kuja kukaa naye mwezi mmoja ili mama apumzike. Mkewe Ami kwa miaka minne hakulala usiku mzima. Alipougua yeye ndipo tulipoweka zamu, na naona haya kuandika kwamba ilibidi augue.

Muhammad Ali aligunduliwa kuwa na dalili za Parkinson mwaka 1984, akawasha mwenge wa Olimpiki Atlanta mwaka 1996 kwa mkono uliokuwa ukitetemeka mbele ya ulimwengu, na akafariki mwaka 2016. Miaka thelathini na miwili. Mama, namtaja kwa sababu umeniuliza, kama ndio huo, je, umebaki muda gani. Huenda mwingi. Na kama hesabu za nyumba, wasia na mambo ya shamba hayajazungumzwa, zungumzeni sasa naye akiwa na akili yake timamu, kwa utulivu, bila haraka.

Lakini kwanza aonwe, kwa sababu huenda si huo. Tezi ya shingo iliyolegea huweza kumfanya mtu mzito na mkimya, na viharusi vidogo vidogo navyo. Mwombe daktari wa hospitali ya kaunti akupe barua ya kwenda kwa mtaalamu wa mishipa ya fahamu. Chukua ile karatasi ya hati yake ya zamani na ya sasa, uziweke pamoja; daktari ataelewa upesi kuliko maneno yangu yote. Andika anavyolala, anavyokwenda choo, kama bado anasikia harufu ya kahawa. Na leo usiku, kabla ya yote hayo, kaa karibu naye, muulize kama amekukasirikia, kisha usiseme neno. Hesabu moyoni hadi ishirini ukibidi.

Ukishatoka kliniki niandikie. Ami ameniambia nikupe salamu zake, na kwamba kofia aliyoianza Mfungo Sita bado inashonwa.

Wassalamu alaykum.